Anza na mkono, nyuso ziache kwanza

Mwanafunzi wa rangi ya mafuta akiniuliza anakili picha gani, namtajia Maziko ya Kristo ya Caravaggio, mchoraji wa Italia. Kisha namwomba aziache nyuso zote sita, aanze na mkono wa kulia wa Yesu, ule ulioning'inia mpaka vidole vikafika kwenye jiwe.

Picha hiyo ya mwaka 1603 hadi 1604 iko katika Makumbusho ya Vatikani. Ina urefu wa sentimita 300 na upana wa 203, kwa hiyo ukiipunguza mara tano inakaa vizuri kwenye turubai ya 60 kwa 40.

Kwa nini mkono? Kwa sababu mikono mingine pale ina kazi. Yohana ameupitisha wake chini ya mgongo, vidole vikigusa jeraha la ubavuni. Nikodemo amefunga yake kwenye magoti ya Yesu, uzito wote umemwangukia. Huu wa Yesu peke yake haufanyi lolote, na kuchora kiungo kisichofanya lolote ni kazi ngumu. Nilipounakili mara ya kwanza niliweka kila msuli na kila mshipa kwa nguvu ileile. Ukatoka mkono wa mtu anayenyanyua ndoo. Wiki mbili nilihangaika na umbo, kumbe umbo lilikuwa sawa; nilikuwa nimetia mwanga ndani ya kivuli.

Basi usianze juu ya weupe wa turubai. Chukua amba, ule udongo wa kahawia, uipunguze kwa tapentaini, pakaza kote, ufute kwa kitambaa mpaka ibaki kahawia nyepesi. Amba ina manganizi, ndiyo maana hukauka upesi kuliko rangi nyingi. Ikikauka, finya macho uitazame picha: upande wa chini wa mkono, kuanzia kwapani, ni kivuli kimoja. Kipake kwa tabaka jembamba la rangi, bila kuchora kitu ndani yake. Nyeupe nzito ijengee upande wa juu tu, penye mwanga. Caravaggio mwenyewe mara nyingi aliiacha rangi ya msingi ionekane kwenye vivuli, na huko ndiko giza lake linakopata pumzi.

Tabaka za juu ziwe na mafuta ya kitani mengi kuliko za chini, la sivyo zitapasuka. Na vitambaa vilivyolowa mafuta hayo vitandaze vikauke; vikirundikwa hupata joto na vinaweza kuwaka vyenyewe.

Ngozi ya Yesu usiichanganye peke yake. Weka pembeni mchanganyiko wa mikono ya Nikodemo, iliyoiva kwa jua, kisha punguza wekundu kidogo kidogo mpaka uone uhai umetoka.

Wapo wanaoona kunakili ni utumwa. Rubens, mchoraji wa Antwerp katika Ubelgiji ya leo, aliishi Italia kuanzia 1600, na aliporudi Antwerp, alikuwa tayari bingwa, akainakili picha hii mnamo 1612 hadi 1614. Nakala yake iko Ottawa, Kanada. Watu wanaouzunguka mwili aliwabadilisha alivyotaka. Mwili wenyewe uliolegea akaubakiza. Naamini alijua alichokuwa anakitafuta.

Mkono ukishaning'inia kweli, nenda kwa Maria Magdalena. Ameinamisha uso na leso mkononi, na sehemu kubwa ya uso huo ni kivuli. Kipake kwa tabaka jembamba la rangi, kiwe kimoja.