Barua Zimehama, Majina na Kalenda Vimebaki

Katika kazi yangu ya kuhamisha barua pepe za ofisi, kuanzia Mbeya mjini hadi Makambako na Iringa, kauli inayonichosha kuliko zote ni hii: "Wewe hamisha barua tu, majina na kalenda vitafuata." Havifuati. IMAP, yaani njia ya kusoma barua zikiwa kwenye seva, ambayo wengi wetu huitumia kunakili barua kutoka seva ya zamani kwenda mpya, hushughulika na barua na folda zake, basi. Majina, yaani kitabu cha anwani, huhamishwa kwa njia nyingine iitwayo CardDAV au kwa faili la vCard, na kalenda kwa njia iitwayo CalDAV au kwa faili la iCalendar. Kwa hiyo anayelipia kazi moja akidhani amelipia zote tatu ataligundua pengo Jumatatu asubuhi, wateja wakiwa wamekwisha kufika.

Mfanyabiashara mmoja wa pembejeo pale Mwanjelwa aliniita akiwa na hakika kwamba nimempotezea wateja, kwa sababu aliandika herufi mbili za mwanzo za jina la mnunuzi wake wa Njombe na anwani haikujitokeza kama ilivyozoea. Tulipofungua akaunti ya zamani pamoja, kitabu chake cha anwani kilikuwa na majina kumi na moja tu. Anwani nyingine zote zilikuwa kumbukumbu ya programu iliyo kwenye kompyuta yake, ambayo huhifadhi kila anwani uliyowahi kuiandikia bila kuiingiza katika kitabu. Tangu siku hiyo sianzi kazi kabla mteja hajakaa nami na kuhesabu majina yaliyohifadhiwa kweli.

Hata majina yaliyohifadhiwa huharibika njiani. Ukifungua faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, katika Excel kwa kulibofya, namba inayoanza na 07 hupoteza sifuri yake, na inayoanza na 255 yaweza kuonekana kama 2.56E+11; ukihifadhi hapo, umeuingiza uharibifu huo katika faili lenyewe. Nawasihi watu watumie vCard kila inapowezekana.

Kalenda nayo ina mtego wa saa. Akaunti mpya ikiachwa kwenye UTC, saa za kimataifa, badala ya saa za Afrika Mashariki, kikao cha saa tatu asubuhi kitaonekana saa kumi na mbili, kwa kuwa sisi tuko saa 3 mbele.

Wapo wanaoamini kwamba rekodi ya MX, ile inayotaja seva ya kupokea barua za ofisi, ikibadilishwa, barua za zamani huja zenyewe. MX huelekeza barua mpya pa kwenda, wala haigusi zilizokwisha kufika. Wapo pia wanaosema ni lazima kusubiri siku mbili ili mabadiliko yaenee, ilhali muda huo hutegemea zaidi TTL, yaani muda ambao seva nyingine huikumbuka rekodi hiyo kabla ya kuiuliza upya: ikiwa ni sekunde 86400, hiyo ni siku nzima, lakini ukiishusha hadi 300 siku mbili kabla ya kuhama, seva nyingi zitaiona anwani mpya ndani ya dakika chache. Na POP3, njia nyingine ya kuchukua barua kutoka kwenye seva, si nakala ya akiba. Huchukua kikasha cha barua zilizoingia pekee, huziacha zilizotumwa, na programu nyingi huzifuta barua kwenye seva baada ya kuzichukua.

Akaunti ya zamani isifungwe jioni ileile ya kuhama. Mimi huomba ibaki wazi siku 30, kwa sababu zipo seva zitakazoendelea kupeleka barua kule kwa muda, na kwa sababu jina lililosahaulika hukumbukwa siku linapohitajika.