Sangara na furu: waliopona Ziwa Victoria walipona vipi

Kwenye karai la dagaa wa Ziwa Victoria hukosi kuona visamaki vingine, vifupi, vipana ubavuni, vyenye miiba mgongoni. Ni furu. Wachuuzi wengi huwachambua na kuwauza kwa bei ya chini, au huwapeleka kwa wanaotengeneza chakula cha kuku. Mimi nikiwaona hufurahi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti waliokuwa wakivuta nyavu za majaribio katika Ghuba ya Mwanza walikuwa wakipandisha wavu uliojaa sangara na karibu hakuna furu ndani yake.

Kazi yangu ni biolojia ya samaki wa maji baridi, na swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu ziwa hili ni kama kweli sangara ndiye aliyewamaliza furu. Jibu langu ni ndiyo, yeye ndiye mkosaji mkuu, ingawa hakuwa peke yake. Ila nadhani tumelikalia swali hilo mno. Lenye faida zaidi leo ni kujua waliopona walipona vipi, maana hapo ndipo tunapojua sehemu gani zilindwe kabla nazo hazijapotea.

Kwanza furu wenyewe. Waluo huwaita fulu, na Uganda ni nkejje. Chini ya jina hilo moja kulikuwa na spishi zaidi ya 500, karibu zote zisizopatikana pengine popote duniani. Ziwa lilikauka, likajaa upya yapata miaka 15,000 iliyopita, kwa hiyo utajiri wote huo ulichipuka katika muda mfupi ajabu. Walikuwapo furu wa kukwangua mwani kwenye mawe, wa kusaga konokono kwa meno ya kooni, wa kula tope lenye mabaki ya mimea, wa kula wadudu, uduvi na kaa, na kundi kubwa la spishi zaidi ya 100 lililoishi kwa kuwinda samaki wenzao. Wengine walimvizia jike aliyebeba mayai na makinda kinywani, wakamlazimisha ayateme, wakayala. Tafiti za nyavu za kukokota za miaka ya 1969 hadi 1971 zilionyesha kwamba furu walikuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki waishio karibu na sakafu ya ziwa.

Kwa maofisa wa uvuvi wa enzi ya ukoloni, wingi huo ulikuwa mali iliyolala. Furu ni mdogo, ana miiba, na sokoni hakuwa na bei. Ngege, samaki aliyependwa kuliko wote, alikuwa ameshapungua sana tangu nyavu za makila, zile za kutega zinazomnasa samaki, zilipoingia mwanzoni mwa karne ya 20. Wakaona dawa ni kumleta mwindaji mkubwa atakayewala furu na kuwageuza kuwa minofu, na wazungu waliopenda kuvua kwa ndoano kwa burudani wapate samaki wa kupigana naye. Sangara anaweza kufika urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 200. Aliwekwa upande wa Uganda mwaka 1954, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaongezwa rasmi, akitolewa Ziwa Albert na Ziwa Turkana.

Onyo lilitolewa. Mwaka 1960 mwanabiolojia Geoffrey Fryer aliandika kupinga mpango huo. Na hoja ya kuupinga haihitaji hesabu nzito: sangara akila furu, sehemu kubwa ya chakula hicho huishia kwenye kuogelea, kupumua na kuendesha mwili wake, na kidogo tu ndicho kinachobaki kuwa nyama. Mtu anayekula furu moja kwa moja anapata zaidi kutoka ziwa lile lile. Haikusikilizwa.

Kisha kwa karibu miaka 25 hapakuonekana la kutisha. Sangara walikuwapo, wachache. Idadi yao ililipuka Ghuba ya Nyanza nchini Kenya karibu na mwaka 1980, miaka michache baadaye Uganda, na Ghuba ya Mwanza kati ya 1984 na 1986. Kwa nini wachelewe hivyo? Maelezo yanayoniridhisha ni kwamba furu wenyewe walikuwa wakilinda lango. Kinda la sangara ni dogo mno, na katika maji yaliyojaa furu lilikuwa ama linaliwa, ama linanyang'anywa vijidudu vya maji linavyovitegemea. Huku Mwanza, tangu katikati ya miaka ya 1970, meli za nyavu za kukokota zilivua furu kwa wingi kwa ajili ya kiwanda cha kusaga unga wa samaki, chakula cha mifugo. Pale furu walipopungua, makinda ya sangara yakaanza kukua, na kila aliyekua alikula furu wengine, lango likazidi kufunguka. Mwindaji mgeni anaweza kukaa kimya majini miaka mingi hadi sisi wenyewe tumpunguzie wapinzani. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema samaki fulani mgeni "yupo muda mrefu na hajaleta shida", huwa situlii.

Kilichofuata kilikwenda kasi. Timu ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, akiwamo Frans Witte, ilikuwa imeanza kuchunguza furu wa Ghuba ya Mwanza pamoja na wenzao Watanzania tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na ilishuhudia anguko hilo mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1992 Witte na wenzake walikadiria kwamba spishi zipatazo 200 zilikuwa zimetoweka au ziko ukingoni. Nyingi hazikuwa zimepewa hata jina la kisayansi.

Kasi hiyo inatokana na uzazi. Jike la furu hutaga mayai machache, mara nyingi makumi tu, akayabeba kinywani hadi makinda yaweze kuogelea. Ni malezi mazuri sana pale ambapo adui ni mdogo. Sangara jike hutaga mamilioni. Furu mama akimezwa, anakwenda na kizazi chake chote. Walioumia zaidi ni wale wakubwa kidogo, wawindaji, walioishi maji ya wazi yenye kina cha wastani, ambako hakuna pa kujificha na ambako sangara wengi huwinda.

Athari hazikuishia kwa furu. Sangara alipowamaliza akageukia uduvi, dagaa, na watoto wake mwenyewe. Mdiria mweusi na mweupe, yule ndege anayesimama angani akipiga mbawa kabla ya kuchoma majini, alikuwa anaishi kwa furu. Karibu na Mwanza akahamia kwenye dagaa, ambao ni wembamba, hivyo ikamlazimu kuvua samaki wengi zaidi kwa siku ili kulisha makinda. Nchi kavu nako kukaguswa. Furu huanikwa juani. Sangara ana mafuta mengi, ukimwanika anaharibika, lazima abanikwe kwa moshi au akaangwe, na kuni zake zilikatwa kwenye vilima na visiwa vya kandokando ya ziwa.

Wapo wenzangu wanaosema tunamwonea sangara, kwamba mbolea, maji taka na udongo unaomomonyoka mashambani ndio uliolifanya ziwa kuwa kijani na kuzinyima sehemu za kina oksijeni. Wana hoja. Tope na mwani vinaua furu kwa njia ya pekee: majike wengi humchagua dume kwa rangi. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba maji yanapokuwa machafu na mwanga ukapungua, rangi hazisomeki tena, spishi mbili jirani zinaanza kuzaana na kuyeyuka kuwa moja. Mmojawapo wa samaki walio hatarini kwa njia hiyo ni furu wa mawe mwenye mgongo mwekundu, Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985. Lakini ukitazama mfuatano wa matukio, anguko kubwa la furu wa kila ghuba lilikuja pale sangara walipolipuka katika ghuba hiyo, si kabla. Uchafu ulizidisha msiba, na bado unazuia nafuu.

Sasa nije kwa waliopona, maana hapa kuna mengi ya kufanyia kazi. Kundi la kwanza ni wa mawe. Visiwa vya mawe vya Mwanza vina nyufa nyembamba ambamo sangara mkubwa hawezi kuingiza kichwa, na furu wanaoishi humo hawahami wala hawatangi mbali. Wengi wao wapo hadi leo. Kundi la pili ni wa mafunjo. Ndani ya mafunjo mazito maji hayatembei, majani yanaoza, oksijeni ni kidogo. Sangara anahitaji oksijeni nyingi na hakai humo. Furu wengi wanavumilia. Katika Ziwa Nabugabo la Uganda, ambako sangara aliwekwa pia, furu waliobaki walipatikana hasa kwenye ukingo wa mafunjo. Mstari huo wa mimea, ambao mtu wa kawaida anauona ni kichaka cha mbu, ni ukuta uliowaokoa.

Kundi la tatu ni wa maziwa madogo ya pembeni, yaliyotenganishwa na ziwa kuu kwa kinamasi. Mfano ninaoutaja kila nikipata nafasi ni Kanyaboli, kwenye kinamasi cha Yala nchini Kenya. Sangara hakuingia. Humo ngege aliendelea kuishi wakati ziwa kuu lilikuwa limempoteza, pamoja na furu ambao kwingine hawaonekani tena.

Na wapo waliorudi wenyewe. Viwanda vya minofu vilipoongezeka katika miaka ya 1990 na sangara wakavuliwa kwa nguvu, baadhi ya furu wa maji ya wazi waliibuka upya, hasa walao vijidudu na walao tope. Haplochromis pyrrhocephalus alirudi akiwa amebadilika: matamvua yenye eneo kubwa zaidi, yanayofaa maji yenye oksijeni haba, na mlo wenye mawindo makubwa kuliko ule wa awali. Mabadiliko hayo yalitokea katika miongo michache. Furu wawindaji wakubwa hawajarudi kwa namna hiyo.

Hapa ndipo penye ugumu wa kusema ukweli. Sangara leo ni ada ya shule, ni nyumba za bati, ni ajira viwandani Mwanza, Musoma, Kisumu na Jinja, ni mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwake, yanayouzwa Asia kwa bei kubwa kuliko minofu. Taratibu za uvuvi zinalenga aongezeke. Ndiyo maana aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Ninaziunga mkono, kwa sababu mwindaji huyu hang'oleki tena na watu wanaishi kwake. Lakini tusijidanganye kwamba ziwa lenye sangara wengi zaidi ni ziwa lililo salama kwa kila kilichomo. Kwa furu, uvuvi wa sangara ulikuwa nafuu.

Kwa hiyo ninachokipigania hakimgusi mvuvi wa sangara. Mafunjo yasichomwe wala kufyekwa hadi kwenye maji kwa ajili ya mpunga na mboga. Nyavu za kokoro zisivutwe kando ya visiwa vya mawe. Na zaidi ya yote, samaki asihamishwe kutoka maji haya kwenda yale kwa nia njema ya mtu mmoja. Sangara wachache kwenye ndoo, wakimwagwa katika ziwa dogo, wanatosha. Hata sato, ambaye hatumwiti mwindaji, akiingizwa kwenye ziwa la ngege huzaana naye, na vizazi vichache baadaye ngege halisi ni vigumu kumpata. Kama kijiji chenu kina bwawa au ziwa dogo na mtu anakuja na vifaranga vya samaki vya bure, muulizeni ni samaki gani, ametoka wapi, na maji hayo yakifurika yanakwenda wapi, kisha mwoneni ofisa uvuvi kabla havijaingia majini.

Baadhi ya furu waliotoweka hapa bado wanazaliwa kwenye matangi ya kioo Ulaya na Marekani, kizazi baada ya kizazi. Watu huniuliza kwa nini hatuwarudishi. Tukiwamwaga ziwani leo wataliwa. Mahali pa kuanzia patakuwa ziwa dogo lisilo na sangara, lenye mafunjo kuzunguka na maji yanayopitisha mwanga, na maziwa ya namna hiyo tuliyobaki nayo ni machache.