Ukitaka kuijua siasa ya Stanley, anza na doti zake

Wengi wanaomsoma Henry Morton Stanley huanzia Ujiji, pale alipokutana na mmisionari na msafiri Livingstone mwaka 1871. Mimi huwaambia waanzie hapa Unguja, kwenye hesabu yake ya nguo.

Kwa ufupi: alizaliwa Wales mwaka 1841 akiitwa John Rowlands, akalelewa katika nyumba ya maskini. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani alipigana pande zote mbili. Kwanza Kusini, akatekwa Shiloh mwaka 1862, kisha Kaskazini. Uandishi wa vita aliushika 1867, akifuatana na jeshi lililopambana na wenyeji wa asili wa Marekani. Mwaka 1868 alikwenda Uhabeshi na Waingereza, na kabla ya kupanda huko alikwishampa rushwa karani wa simu ya waya pale Suez ili taarifa zake zitangulie za wenzake.

Januari 1871 alishuka Unguja, zama za Sayyid Barghash, ametumwa na gazeti la New York Herald. Njia za bara, ambako nguo ndiyo iliyokuwa fedha, hakuzijua, kwa hiyo akawauliza wafanyabiashara wa hapa: watu mia wanataka nguo kiasi gani kwa siku ili wale? Akajibiwa, doti 10. Doti ya wakati ule ilikuwa yadi 4, yaani shuka mbili (sisi leo tunaihesabia khanga, na bado ni vipande viwili). Kwa mwaka zinatoka doti 3,650. Akapanga merikani (nguo za pamba za Marekani) 2,000, kaniki (nguo nyeusi) 1,000, na 650 za rangi: barsati, sohari, ismaili na nyinginezo. Juu yake magunia 22 ya ushanga na frasila 10 (kama kilo 160) za waya wa shaba.

Ushanga ndio uliotaka akili zaidi. Ule mweusi ulipita Ugogo, kwengine haukuwa na thamani hata chembe. Mweupe ulikubaliwa Ufipa, Ukonongo wakaudharau. Ukikosea rangi, mpagazi anabeba frasila mbili, kama kilo 32, za kitu kisichonunua hata kibaba cha mtama, na wewe unamlisha njia nzima. Halafu kuna hongo. Siku hizo neno hilo lilikuwa ushuru wa wazi anaotozwa msafiri na mtawala wa nchi anayopita, na Ugogo ndiko kulikomaliza nguo nyingi. Bila washauri wa Unguja, na bila kiongozi wa askari wake Sidi Mubarak Bombay, msafara ule usingefika mbali.

Tazama sasa mwandishi wa vita anavyogeuka mpiganaji. Alipofika Unyanyembe, upande wa Tabora, mwaka huo huo, aliungana na Waarabu dhidi ya Mirambo, mtawala wa Kinyamwezi, wakashindwa, naye akalazimika kuzunguka kusini ili afike Ujiji. Miaka minne baadaye aliwashambulia kwa bunduki watu wa kisiwa cha Bumbireh, Ziwa Viktoria, akayaandika mwenyewe gazetini. Uingereza wengi walikasirika. Ukisoma habari zake za namna hii, linganisha shajara, barua ya gazeti na kitabu, kwa sababu idadi zinatofautiana: msafara wa 1874, ndio huo uliofika Bumbireh, kitabuni una watu 356, katika shajara ni wachache zaidi.

Mwaka 1879 alirudi Unguja kuajiri watu wa kumfanyia kazi Mfalme Leopold II wa Ubelgiji huko Kongo. Oktoba 1884, mbele ya wafanyabiashara wa Manchester, akaitoa tena hesabu ya doti, safari hii kwa nchi nzima: kila mtu wa Kongo akinunua nguo moja tu ya Jumapili, kiwanda kitauza yadi 320,000,000. Hiyo ndiyo siasa yake, na aliiamini kwa dhati. Afrika kwake ilikuwa soko linalosubiri kufunguliwa, na mwenye soko hakuulizwa. Mwezi uliofuata alikuwa Berlin, kwenye mkutano wa mataifa makubwa juu ya Afrika, mshauri wa ujumbe wa Marekani.

Wanaomtetea husema ukatili wa mpira, yaani wa kuwalazimisha watu wakusanye utomvu wa mpira, ulikuja baada ya yeye kuondoka Kongo. Ni kweli. Lakini mfalme alipoufanya mpira na pembe kuwa mali ya dola, ile biashara huria aliyoinadi Manchester ilikufa, na Stanley aliendelea kumtetea Leopold hadharani. Mtu aliyehesabu shuka mojamoja Unguja, mimi simkubalii udhuru wa kutojua hesabu. Kuanzia 1895 hadi 1900 alikuwa mbunge wa North Lambeth, upande wa waliopinga Ireland kujitawala.

Alifariki London mwaka 1904. Mwaka uliofuata akafariki hapa Unguja Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliyesafiri naye 1876 na kuelewana naye upya 1887. Naye aliacha habari za maisha yake, na aliziacha kwa Kiswahili. Zisomeni kando ya vitabu vya Stanley, hasa pale wawili hao wanapogombana juu ya malipo.