Goti Bandia na Madini Yanayoingia Kwenye Damu: Maswali na Majibu

Goti bandia ni chuma imara. Inakuwaje litoe madini?

Sehemu inayovikwa mwisho wa mfupa wa paja kwa kawaida ni aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ya kobalti, kromiamu na molibdenamu. Bamba la juu ya muundi mara nyingi ni titani, na katikati hukaa plastiki ngumu. Kromiamu hujijengea utando mwembamba wa oksidi unaozuia kutu. Utando huo ukikwaruzwa, metali ya chini yake hukutana na majimaji ya mwili, na ayoni (chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme) za kobalti na kromiamu hutoka. Utando hujirudishia wenyewe, lakini goti nalo halipumziki.

Ina maana nina sumu mwilini?

La. Kwa walio wengi kiasi ni kidogo, na figo hukitoa kwa njia ya mkojo. Ndiyo maana mwenye ugonjwa wa figo amweleze daktari mapema. Hofu nyingi ilitokana na nyonga bandia ambazo chuma kilisuguana na chuma. Aina moja iliondolewa sokoni mwaka 2010. Katika goti la kawaida chuma husuguana na plastiki. Magoti yenye bawaba, yanayowekwa hasa upasuaji unaporudiwa au baada ya saratani ya mfupa, huweza kutoa zaidi.

Nikapime damu?

Kama goti halikusumbui, hakuna haja. Kile kiwango cha maikrogramu 7 za kobalti au kromiamu kwa lita ya damu, kilichotumika Uingereza kuamua nani achunguzwe zaidi, kilikuwa cha nyonga za chuma kwa chuma. Usikitumie kulihukumu goti. Kipimo chenyewe kinahitaji chupa maalumu, kwa kuwa hata sindano ya chuma inaweza kuongeza kromiamu kwenye sampuli.

Mbona goti linaniuma tangu upasuaji?

Hapa nasisitiza: msianze kuilaumu metali. Kwanza itafutwe maambukizi, kwa kupima damu na kufyonza majimaji ya goti. Kisha daktari aangalie kama kiungo kimelegea, na aikague nyonga pia, kwani maumivu yake huweza kushukia gotini. Mzio wa nikeli, metali iliyomo kwenye hereni nyingi na kwa kiasi kidogo kwenye aloi ya goti, upo, ila ngozi kuwasha kwa hereni haithibitishi kwamba mwili unalikataa goti la chuma nalo. Hata hivyo, mtaje mzio huo kabla ya upasuaji. Yapo magoti yaliyopakwa tabaka la kinga.

Ni lini nisisubiri?

Goti likivimba ghafla, likiwa la moto, au ukipata homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.