Je, wajua kwa nini gari lililokatiwa bima kwa nusu ya thamani hulipwa nusu hata kwa bampa?

Tuchukue Toyota IST ambayo sokoni inauzika kwa Sh milioni 16. Mwenyewe anataka bima kubwa lakini bei inamtisha, kwa hiyo kwenye fomu anaandika kwamba gari lina thamani ya milioni 8. Miezi minne baadaye anagonga kwa mbele: bampa, taa ya kulia, madigadi, rejeta na rangi. Gereji inatoa makadirio ya Sh 3,200,000. Kampuni ya bima inakubali kwamba ajali imetokea, haibishani na makadirio ya fundi, kisha inahesabu fidia ya Sh 1,600,000, kabla ya makato mengine. Kwa nini? Si ana bima ya milioni 8, na hasara ni milioni 3 na ushei tu?

Kabla ya kujibu, bima zenyewe kwa haraka. Tanzania gari haliruhusiwi barabarani bila angalau bima ndogo, yaani ile ya mtu wa tatu, ambayo kwa gari dogo la binafsi bei iliyozoeleka ni Sh 118,000 pamoja na VAT. Inamlipa uliyemgonga, si gari lako. Juu yake ipo inayoongeza moto na wizi. Bima kubwa ndiyo inayotengeneza gari lako mwenyewe hata kama kosa ni lako, na hiyo hutozwa kwa asilimia ya thamani uliyotaja. Kwa gari la binafsi kiwango kinachotumika sana ni asilimia 3.5, kisha VAT ya asilimia 18. Mambo yote ya makala haya yamo ndani ya hiyo bima kubwa, na tena kwenye sehemu ya gari lako tu. Madai ya mtu wa tatu yana vikomo vyake na hayaguswi na thamani uliyoandika.

Sasa hesabu ya mwenye IST. Kwa milioni 16 angelipa 560,000, na VAT 100,800, jumla Sh 660,800. Kwa milioni 8 amelipa Sh 330,400. Ameokoa Sh 330,400. Kichwani mwake kuna imani moja, nayo imeenea kuliko stika za bima zenyewe: kwamba thamani inayoandikwa kwenye mkataba ni kikomo tu. Maadamu hasara iko chini ya kikomo, italipwa yote. Hasara ikizidi, ndipo atalia.

Imani hiyo haikuzuka hewani. Simu ikiwekwa salio la shilingi 1,000 unaongea mpaka ziishe, hakuna anayekukata nusu ya kila dakika. Bima nyingine pia hufanya kazi kwa kikomo hasa. Kikomo cha fidia kwa mali ya mtu wa tatu kiko hivyo. Na kuna jambo la ajabu zaidi linaloifanya imani hii isife: kwenye ajali inayoliangamiza gari lote, inatoa jibu sahihi kabisa. Gari likiungua likaisha, mwenye imani ya kikomo anategemea milioni 8, na milioni 8 ndiyo anayolipwa, ukiacha makato ya kawaida. Jirani akimsikia anaondoka na ushahidi kwamba kikomo ni kikomo.

Kosa linaonekana kwenye hasara ndogo na za kati, na hizo ndizo zinazotokea kila siku. Mikataba mingi ya bima kubwa ina kifungu cha wastani. Kinasema, kwa lugha rahisi: ikiwa wakati wa ajali gari lilikuwa na thamani kubwa kuliko ile iliyokatiwa bima, fidia itapunguzwa kwa uwiano huohuo. Unachukua hasara, unazidisha kwa thamani iliyokatiwa bima, unagawa kwa thamani halisi. Kwa IST yetu ni 8 kwa 16, yaani nusu. Hasara ya milioni 2 inalipwa milioni 1. Hasara ya 3,200,000 inalipwa 1,600,000. Hasara ya milioni 8 inalipwa milioni 4, na hapo ndipo pengo kati ya alichotarajia na anachopata linapokuwa pana kuliko popote. Kutoka hapo, kwenye karatasi, pengo linaanza kupungua, mpaka hasara ya milioni 16 inapolipwa milioni 8 na pengo linatoweka. Ni kanuni ya kipekee kidogo: ukilinganisha na alichotarajia, inamuuma zaidi aliyepata ajali ya kati kuliko aliyepoteza gari zima.

Kuielewa, fikiria watu wawili walionunua jahazi kwa ubia, nusu kwa nusu. Tanga likipasuka, fundi analipwa na wote wawili. Hakuna mbia anayeweza kusema, "Lipa wewe kwanza mpaka nusu yako iishe, ndipo na mimi nianze." Hakuna aliyenunua upande wa tanga na mwingine upande wa mkuku, kila ubao wa jahazi lile ni nusu wa huyu na nusu wa yule. Nanga ikipotea, ni nusu kwa nusu. Chombo kikizama chote, kila mmoja amepoteza nusu yake, na hapo tu ndipo hasara ya mbia inapofikia mtaji wake wote. Mwenye IST aliyekata bima ya milioni 8 alidhani amenunua ulinzi wa milioni 8 za mwanzo. Kumbe amenunua nusu ya kila bampa, nusu ya kila taa na nusu ya kila kopo la rangi. Nusu nyingine amebaki nayo yeye, na kwa nusu hiyo yeye ndiye kampuni ya bima, ila ni kampuni isiyo na akiba.

Bahari haikuingia hapa kwa bahati. Kanuni hii ilikomaa kwenye bima ya vyombo na shehena kabla magari hayajaanza kukatiwa bima. Sheria ya Bima ya Bahari ya Uingereza ya mwaka 1906, kifungu cha 81, inasema waziwazi kwamba aliyekata bima pungufu huhesabiwa kuwa mtoa bima wa nafsi yake kwa kiasi kilichobaki. Tofauti ni kwamba baharini kanuni hiyo inaingia yenyewe kwa nguvu ya sheria, wakati kwenye bima za nchi kavu zinazofuata desturi ya kisheria ya Uingereza ni lazima iandikwe kwenye mkataba. Kwa hiyo yote yaliyosemwa hapa yanasimama pale tu kifungu kilipo. Mikataba mingine inaacha nafasi kidogo, kwa mfano kutokukata chochote kama upungufu hauzidi asilimia fulani. Mingine hulipa thamani waliyokubaliana pande zote mbili tangu mwanzo. Omba mkataba wenyewe, si stika wala risiti, na utafute neno "wastani" au maneno yanayozungumzia uwiano wa thamani. Nakala nyingi ni za Kiingereza; mwambie wakala akuoneshe ukurasa.

Je, si dhuluma? Tazama upande wa kampuni. Rejeta ya IST haijui kwamba mwenye gari aliandika milioni 8. Dukani bei yake ni ileile. Asilimia 3.5 ilipangwa kwa kudhani kila gari limetajwa kwa thamani yake yote, huku madai mengi yakiwa ya bampa na taa na machache yakiwa ya gari kuisha. Kama hasara ndogo zingelipwa zote bila kujali thamani iliyotajwa, kila mwenye akili angetaja robo, na waliosema kweli ndio wangewalipia. Hoja hiyo ina nguvu. Isiyo na nguvu ni tabia ya baadhi ya mawakala kumsaidia mteja kushusha thamani ili bei impendeze, wakinyamaza kuhusu kifungu.

Kinyume chake nacho ni hasara. Ukiandika milioni 24 kwa gari la milioni 16, likiisha utalipwa milioni 16, kwa sababu bima ya kawaida inakurudisha ulipokuwa, haikupandishi. Ada ya zile milioni 8 za hewa ni 280,000 na VAT 50,400, yaani Sh 330,400. Ndicho kiasi kilekile alichookoa yule mwingine.

Basi thamani ya kweli inapatikanaje? Si kwenye hesabu ya ushuru ya TRA, ambayo ni ya kodi, na si kwenye risiti ya bandarini ya miaka minne iliyopita. Inayotakiwa ni bei ambayo gari la aina hiyo, mwaka huo, kilomita hizo na hali hiyo lingeuzwa siku ya ajali. Pitia matangazo na yadi, chukua magari matano au sita yanayofanana na lako, tupa la bei ya juu kabisa na la chini kabisa, toa kidogo kwa sababu bei ya tangazo siyo bei ya kuuza. Au omba ripoti ya mthamini. Kenya kampuni nyingi humpeleka mteja kwa mthamini mwanzoni mwa bima, na ripoti hiyo ni ngao nzuri siku ya mabishano. Mtego mkubwa ni kupunguza asilimia 10 au 15 kila mwaka kwa mazoea. Shilingi ikishuka, magari ya Japani yaliyokwishaingia hupanda bei, na gari lako linaweza kukatiwa bima pungufu likiwa limeegeshwa tu.

Kuna makato mengine ya kuulizia mapema. Eksesi ni sehemu ya hasara ambayo mwenye gari hubeba mwenyewe kila dai. Tuseme ni Sh 500,000. Uwiano ukipigwa kwanza, IST yetu inapata 1,600,000 kutoa 500,000, yaani 1,100,000. Eksesi ikitolewa kwanza, zinabaki 2,700,000, nusu yake ni 1,350,000. Tofauti ya Sh 250,000 inatokana na mpangilio wa hesabu tu. Mpangilio wa kwanza ndio wa kawaida zaidi. Uliza pia gari huhesabiwa kuwa limeisha pale matengenezo yakifika asilimia ngapi, na asilimia ya thamani ipi, ile ya sokoni au ya mkataba. Na mabaki yanakuwa ya nani. Asilimia ikipigwa kwenye thamani ya mkataba, gari la milioni 16 lililoandikwa 8 linaweza kutangazwa limeisha kwa matengenezo ya milioni 5.

Kama lengo ni kupunguza gharama, kuna njia zisizogusa thamani. Kubali eksesi kubwa zaidi ikiwa una akiba ya kuibeba. Lipia mikwaruzo midogo kutoka mfukoni mwako ili usipoteze punguzo la mwaka bila dai. Uliza kama kifaa cha kufuatilia gari kinashusha ada. Linganisha kampuni tatu kwa masharti na si kwa bei tu, maana bei mara nyingi zinakaribiana ilhali eksesi zinapishana sana. Gari la zamani la milioni 4 au 5 pengine halihitaji bima kubwa; bima ndogo, au ile yenye moto na wizi, inaweza kutosha. Usikate bima ya binafsi kwa gari linalobeba abiria wa kulipia, kwa sababu hapo fidia haitapunguzwa, itakataliwa. Na ukishalipa, hakiki stika kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, kwa kuwa stika bandia haina hata kifungu cha wastani.

Ambaye tayari ameandika thamani ndogo anaweza kurekebisha katikati ya mwaka. Anaiandikia kampuni, anaambatanisha ushahidi wa bei, na analipia tofauti ya siku zilizobaki. Kwa IST iliyobakiza miezi sita, nyongeza ya milioni 8 ni nusu ya 280,000, yaani 140,000, pamoja na VAT 25,200: Sh 165,200. Kampuni hutoa waraka wa nyongeza wenye tarehe, na thamani mpya inaanza kufanya kazi tarehe hiyo. Ajali ya jana yake inahesabiwa kwa ile ya zamani.