Kuteleza siyo kurudia: neno moja katika tiba ya kujing'oa nywele

Mtu amekaa miezi kadhaa bila kujing'oa nywele. Usiku mmoja anang'oa chache, na kulipokucha wa nyumbani wanasema, "Amerudia." Nimelisikia neno hilo likitumiwa hivyo mara nyingi mno, na linawaumiza watu ambao tiba yao inakwenda vizuri.

Trikotilomania ni kujing'oa nywele tena na tena, ziwe za kichwani, nyusi au kope, mpaka zionekane zimepungua, huku mhusika akijaribu kuacha na kushindwa. Jina hilo lilitolewa mwaka 1889 na Hallopeau, daktari wa ngozi wa Ufaransa. Tiba inayotumika zaidi ni ya kugeuza mazoea, iliyoelezwa na wanasaikolojia Azrin na Nunn mwaka 1973: mtu anajifunza kuutambua mkono unapoanza kupanda, kisha anaupa kazi nyingine, kama kukunja ngumi kwa dakika moja au zaidi, mpaka hamu itulie.

Sasa, wahenga walishasema kuteleza si kuanguka, na katika tiba hii msemo huo uchukuliwe kama ulivyo. Aliyeng'oa nywele usiku mmoja ameteleza. Kurudia ni pale mazoea yanaposhika tena usukani kwa siku na wiki, na mbinu zote zimewekwa kando. Mwanasaikolojia Alan Marlatt, aliyewachunguza watu wanaoacha pombe, alionyesha kwamba hatari kubwa haiko kwenye glasi ya kwanza peke yake, bali pia katika yale mtu anayojiambia baada yake: nimeshaharibu, kuna haja gani tena? Kwa anayejing'oa nywele hali ni mbaya zaidi, kwa sababu wengi hung'oa ili kupunguza mfadhaiko. Ukimwambia amerudia, unamwongezea aibu, na aibu hiyohiyo ndiyo inayoupandisha mkono kichwani.

Halafu kuna swali la "kwa nini umefanya tena?" Mara nyingi hana jibu, wala hakufichi kitu. Anasoma, kiganja kimeegemea shavu, vidole vinapapasa mpaka vinakutana na unywele mmoja mgumu kuliko wenzake. Anashtukia uko juu ya ukurasa wa kitabu. Wakati mwingine hung'oa akijua kabisa, mbele ya kioo, na hiyo nayo ina dawa yake.

Ndiyo maana kuzuia kurudia si kiapo cha "sitafanya tena". Ni mpango unaoandikwa kabla tiba haijaisha: saa zipi ni za hatari, kioo kipi kiondolewe, mkono ushike nini wakati wa kusoma, na siku ya kuteleza nani aambiwe. Wataalamu wengi huongeza vikao vichache vya ufuatiliaji, vilivyoachana kwa wiki au miezi, kwa kuwa wanatarajia mtu atateleza.

Kwa hiyo ukiziona nywele kwenye mto wa mtu wako, tafadhali, lile neno liache kwanza. Muulize ilikuwa saa ngapi, alikuwa amekaa wapi, na mikono ilikuwa inafanya nini. Hayo anaweza kuyajibu, na majibu yake yanaingia moja kwa moja kwenye mpango. Wiki zikipita na hali ikaendelea, hapo sema amerudia, na umsindikize kwa mtaalamu wake.