Laptopu ikizeeka, dawa si RAM kila mara

Hapa Mombasa ukilalamika laptopu imekuwa nzito, utaambiwa "ongeza RAM tu" (ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ama "hiyo ishakufa, nunua nyingine". Jamani, mara nyingi yote mawili si kweli! Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, Task Manager itafunguka ikuonyeshe kinachotumika, kama Disk inakaa 100% na wala hujafungua kitu cha maana basi inayokuchelewesha ni ile hard disk ya kuzunguka inayohifadhi mafaili, manake inasoma kama MB 100 hivi kwa sekunde na SSD ya SATA (diski ya kisasa isiyo na sehemu ya kuzunguka) inafika 500, na kwa vifaili vidogo vidogo tofauti ni kubwa zaidi, ndo maana ukiweka SSD badala yake tu mashine inaamka. RAM inasaidia kama una GB 4 na brauza ina tab nyingi wazi (laptopu zingine RAM imechomelewa kwenye bodi, uliza kabla hujalipa). Feni pia isafishwe, vumbi na hii hewa yetu ya chumvi ni balaa.

Ila prosesa nyingi za Intel za kabla ya kizazi cha 8 Windows 11 haizikubali rasmi, na Windows 10 muda wake wa masasisho ya kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, hapo ni uweke Linux, mfumo mwingine wa bure badala ya Windows. Na kama bodi, betri na kioo vyote vina shida, usitie hata shilingi.